Mtoto Haendi Baharini Mgongoni: Likizo Zetu za Tanga Kutoka Mikindani



Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Mkunya, Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, na duka langu liko Newala mjini. Nimeolewa Mikindani. Ukutani dukani kwangu ipo picha ya binti yangu amekaa kwenye mashua, amevaa boya la rangi ya chungwa linalomfika masikioni, na bibi harusi anapokuja kupimwa gauni lazima ataiulizia. Wengi wao wanaolewa pwani. Wanauliza kama niliogopa, kama mtoto hakulia, na wengine wanauliza kwa sauti ya chini vile vitu ambavyo huwezi kumwuliza mama mkwe. Majibu yangu yamekuwa marefu mno kwa mtu anayepimwa kiuno, basi nimeona niyaandike hapa.

Nyie wa Unguja na Pemba mmezaliwa mnasikia harufu ya bahari, mtanisamehe nikieleza mnayoyajua. Mimi nimekulia mahali ambapo maji ni habari nyingine kabisa. Bibi yangu alikuwa akiteremka bondeni usiku, wanawake kwa pamoja, wapande tena mlima na mtungi kichwani kabla jua halijawa kali. Nyumbani tulivuna maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyaweka kisimani, na mtoto aliyeyamwaga alichapwa. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla, unaliona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Asubuhi za ukungu bonde lote linakuwa jeupe na tambarare. Hiyo ndiyo bahari niliyoijua mpaka nilipofika kidato cha pili.

Kwa hiyo baba watoto aliposema, binti yetu akiwa na miaka miwili na miezi, kwamba likizo yetu ile twende na mashua ya kaka yake kutoka Mikindani, tukilala kwa ndugu zao wa pwani, mama yangu alitoa hukumu kwenye simu: "Mtoto wa mlimani anafuata nini kwenye maji?" Sikumcheka. Mama hajui kuogelea, mimi sijui kuogelea, na dada zake wote hawajui. Na nyie hamhitaji kukumbushwa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ikielekea Pemba na watu kuliko uwezo wake, wala Julai 2012, MV Skagit. Wapo humu wanaosoma waliopoteza watu wao siku hizo. Anayesema hofu ya bahari ni ukosefu wa imani, mimi nadhani hajakaa na mfiwa.

Nilimkubalia mume wangu, lakini tulizungumza kwanza, tukiwa nchi kavu, tumekaa, mtoto amelala. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kila mahali tutakaposhuka pawe na barabara ya kurudia nyumbani, ili asitokee mtu wa kuniambia "lazima tufike." La pili, mimi nikisema turudi, tunarudi, na mjadala unafanyika ufukweni. Si kwa sababu nayajua maji kuliko yeye. Yeye na kaka yake wamezaliwa humo. Lakini mwanamume aliyezoea maji anaangalia chombo na anaangalia upepo. Anayemwangalia mtoto ni mama, na mtoto huchoka saa mbili kabla ya chombo kuchoka. Alikubali. Alitabasamu kidogo, nikamwambia arudie kwa maneno, akarudia.

Bibi harusi, ukishindwa kuongea neno kama hilo kabla tanga halijatwekwa, usitarajie utaliweza huku maji yanakupiga usoni na shemeji zako wanakutazama.

Sasa boya. Hapa nitakaa kidogo.

Sisi wanawake wa huku mtoto tunambeba kwa mbeleko. Akilia, mgongoni. Akilala, mgongoni. Tukipanda gari, kuvuka mto, kwenda shamba, mgongoni. Ni mazoea mazuri na mimi mwanangu nimemlea hivyo. Lakini kwenye chombo kidogo mbeleko inafunguliwa. Chombo kikipinduka, mtoto aliyefungwa kwa kanga mgongoni kwa mama yake yuko chini ya maji pale ambapo mgongo wa mama upo, na mama akiwa na boya kifuani, boya linamweka mama uso juu na mtoto chini. Fikiria picha hiyo mara moja tu, halafu hutahitaji kuambiwa tena. Vilevile usimfunge mtoto kwenye mlingoti au kwenye bao la kukalia. Mama mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, alinipa ushauri huo kwa mapenzi kabisa, maana zamani ndivyo walivyofanya ili mtoto asianguke. Katika mashua ndogo inayoweza kulala upande, mtoto aliyefungwa kwenye chombo anakwenda na chombo. Nilimjibu, "Ahsante mama, tutamshika kwa mikono," na tukamshika kwa mikono, kwa zamu, safari nzima.

Mtoto avae boya lake mwenyewe. Boya la mtu mzima kwa mtoto ni pambo, akiingia majini linapanda juu naye anateleza chini yake. Mimi ni fundi, nguo isiyomkaa mtu naiona kutoka barabarani, na nimeona mabandarini watoto wamevalishwa maboya yanayowafika magotini, wazazi wametulia. La mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, si kwa umri, na uzito umeandikwa ndani penye lebo. Liwe na kola nyuma ya kichwa ya kumgeuza uso juu, na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mkanda huo ndio watu wanaouacha ukining'inia kwa sababu unasumbua wakati wa kujisaidia. Ufungwe. Halafu fanya kipimo hiki: shika boya mabegani, mnyanyue mtoto taratibu. Boya likipanda mpaka masikioni na kidevu kikazama ndani, ni kubwa au hujalikaza. Ile picha ya dukani, ambayo wote mnaipenda, ilipigwa kabla sijakaza mikanda.

Letu tuliagiza Dar es Salaam. Siku kumi kabla ya safari binti yangu alivaa boya ndani ya nyumba, Newala, mahali ambapo maji yako kwenye ndoo tu. Alikula nalo, akacheza nalo, akamwendea jirani nalo. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Lakini siku ya kuondoka Mikindani alilichukua mwenyewe na kusema "nguo yangu", na mtoto aliyezoeshwa nyumbani hapigani na mama yake ndani ya chombo.

Wakati tuliouchagua ni mwishoni mwa mwezi wa tisa. Kwangu kuna sababu ya biashara. Korosho zikianza kuuzwa, kuanzia Oktoba hivi, pesa inaingia mlimani, harusi zinafuatana, na mimi silali. Kwa bahari sababu ni kusi. Juni na Julai na Agosti upepo wa kusi una nguvu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa pwani yetu yote, kuanzia Tanga mpaka Lindi na Mtwara, na huko kwenu visiwani pia. Wakitoa tahadhari hiyo, likizo yetu ni ya kukaa barazani. Septemba ikiishia kusi linapungua, na alfajiri upepo wa nchi kavu unavuma taratibu kuelekea baharini. Tukitoka baada ya swala ya Alfajiri na kufika kabla jua halijawa kali, mtoto nusu ya safari anakuwa bado na usingizi. Zikifika saa tano, tuwe tumeshuka.

Kuhusu mavazi, jamani, hapa ndipo kazi yangu. Baibui zito lenye mapana mengi halifai kwenye mashua. Likilowa ni mzigo, na pindo lake linanasa kwenye kamba ya tanga kila wanapogeuza chombo. Ninachowashonea wanaokwenda safari za maji ni hiki: suruali pana yenye lastiki kifundoni, juu yake gauni la kufika chini kidogo ya goti lenye mpasuo mfupi pande zote mbili ili uweze kuvuka bao bila kujifunua, na mtandio wa kushona, wa kuvaa kichwani mzima, usiohitaji pini. Kitambaa kiwe nida au kingine chepesi kinachokauka haraka. Jezi inakunywa maji kama sifongo. Boya livaliwe juu ya vyote, na mtandio uteremke chini ya boya, usiwe juu yake, la sivyo upepo unaugeuza kuwa tanga la pili. Stara ipo kamili na unaweza kuinama, kufua maji na kumdaka mtoto. Maana shemeji si maharimu wako, na mashua ya urefu wa mita tano au sita haina chumba cha wanawake.

Na kwa kuwa haina chumba cha wanawake, tuseme lile la sauti ya chini. Haja ndogo. Hakuna anayekuambia, kwa hiyo mabibi harusi wanakunywa chai asubuhi kama kawaida halafu wanateseka, au hawanywi maji kabisa wanapata kichwa kuuma kwa jua. Sisi tulipanga kushuka kila baada ya saa mbili au chini yake, na wanaume waliambiwa mapema kuwa kituo hicho hakijadiliwi. Mkishuka, wanaume wanabaki na chombo wakiangalia baharini, wanawake wanakwenda nyuma ya miti na kanga mbili. Mtoto ana kopo lake. Kunywa maji.

Swala tulipanga iwe nchi kavu. Ikitokea uko chomboni na wakati unataka kutoka, na huwezi kusimama bila kuanguka, unaswali umekaa. Masuala mengine ya msafiri muulize sheikh wako, mimi ni fundi nguo. Lakini nitasema moja. Mara ya kwanza nilipotia udhu kwa maji ya bahari, mkono wangu ulijizuia wenyewe. Nimezoea kopo moja, nusu kopo. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na watu wa safari za baharini waliokuwa na maji machache ya kunywa, akawajulisha kuwa maji ya bahari ni tohara. Hadithi hiyo niliisoma madrasa Newala nikiwa mdogo na sikuielewa, kwa sababu sikuwa nimeona maji ambayo hayaishi. Binti yangu alisimama kando yangu akajimwagia kichwani mikono miwili mitatu, hakuna aliyemchapa.

Safari ya kwanza ilikuwa fupi na sina mengi ya kuisimulia. Tulitoka kwenye ghuba ya Mikindani, tukafuata pwani, tukaingia Msangamkuu ng'ambo ya bandari ya Mtwara, tukalala siku mbili kwa shangazi yake mume wangu. Mchanga wa pale ni mwingi kweli, jina halikusingizia. Mtoto alikula ngisi mpaka nikaogopa tumbo. Mimi nilitapika mara moja, yeye hakutapika hata mara moja. Siri yetu ni chakula kikavu kabla ya kupanda, maandazi yasiyo na mafuta mengi, na kipande cha tangawizi mdomoni kwa mtu mzima.

Mwaka uliofuata ndio wenye maneno. Mpango ulikuwa kupitia tena Msangamkuu, kulala, halafu kesho yake kwenda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000. Shemeji ana wakwe zake Msimbati na alikuwa amewaahidi. Pilau lilikuwa linapikwa. Hapo ndipo nilipojua kuwa tumevunja lile sharti la kwanza bila mtu kusema, kwa sababu barabara ya Msimbati ipo, lakini pilau nalo lilikuwepo, na linavuta kuliko upepo.

Tulitoka vizuri. Kwenda Msimbati unaelekea kusini mashariki, kusi liko mbele yako, kwa hiyo unakwenda kwa kubisha, huku na huku, na maji yanaruka ndani. Mpaka kwenye saa mbili na nusu ilikuwa ni kicheko. Halafu upepo uliongezeka mapema kuliko siku zote, mapovu meupe yakatokea juu ya mawimbi, na binti yangu akatapika. Nikamsafisha. Akatapika tena. Nilipomshika mikono ilikuwa ya baridi, na jua lilikuwa linawaka. Alikuwa amelowa tangu asubuhi na upepo ulikuwa unamkausha na kumlowesha, unamkausha na kumlowesha. Aliacha kulia. Mama yeyote anajua kimya cha namna hiyo.

Nikasema, "Shemeji, turudi."

Akasema, "Shemeji, bado kidogo tu, tukiipita ile rasi tutapata utulivu." Hakusema kwa ubaya. Ana miaka thelathini baharini na hajawahi kuzamisha chombo.

Nikamwangalia baba watoto. Nisingependa kuwa yeye dakika ile. Yule ni kaka yake mkubwa, mwenye mashua, aliyemlea baba yao alipofariki, na mbele kuna wakwe wanasubiri. Alitazama maji, akamtazama mtoto, kisha akasema, "Kaka, tunageuza. Tulikubaliana." Neno hilo tu, tulikubaliana. Hakusema mke wangu anaogopa wala mtoto mgonjwa. Shemeji alikaa kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, halafu akageuza.

Kurudi, kusi likiwa nyuma yetu, hata saa moja haikwisha. Mtoto nilimvua nguo zote za maji chini ya turubai, nikamkausha, nikamvika fulana ya pamba na kanga, boya nikalirudisha juu, nikamkumbatia mbele yangu bila kumfunga. Kufika Msangamkuu alikuwa amelala na mikono yake ya moto. Mimi na yeye tulivuka kwa kivuko mpaka Mtwara, tukapanda daladala mpaka Mikindani, na saa saba mchana alikuwa anamwagia kuku mchele.

Ngalawa mbili zilizotoka nyuma yetu asubuhi ile zilifika Msimbati salama. Shemeji alihakikisha habari hiyo imenifikia. Huenda na sisi tungefika. Sijawahi kubisha hilo, na nikiulizwa leo nitasema turudi vilevile, kwa sababu sikugeuza chombo kwa ajili ya kuzama, niligeuza kwa ajili ya mtoto mwenye baridi ambaye hakuwa na saa mbili nyingine. Kwa wiki mbili shemeji alinisalimia kwa kifupi. Mama mkwe ndiye aliyemaliza. Alimwita mwanawe mkubwa, akamwuliza, mbele yangu, hao wakwe zako wangekula pilau gani kama ungewapelekea mtoto anayetetemeka? Basi. Pilau la Msimbati tulikwenda kulila mwezi wa kumi, kwa gari, kupitia Madimba, na wakwe wenyewe wala hawakuwa na kinyongo.

Mwaka jana tulikwenda tena, Msangamkuu tu, siku nne. Shemeji mwenyewe aliuliza kabla ya kuondoka, "Nahodha wa mtoto yuko tayari?" Ananiita hivyo sasa, kwa utani ambao nusu yake si utani. Tanga lake lilikuwa na kiraka cha turubai la bluu kilichoshonwa ovyo mpaka kilinikera, nikakaa nalo siku nzima na cherehani ya mama mkwe, nikakunja pindo mara mbili na kulishona upya. Ni kazi ngumu kuliko gauni la harusi, na sikumlipisha.

Mwenye kupanga fungate kwa ngalawa huko kwenu, Fumba au Misali, haya yote yanakuhusu hata kabla hujapata mtoto. Uliza boya kabla ya kulipa, lijaribu mwilini, na umwone anayekupeleka akilivaa na yeye. Dua ya Nabii Nuh wakati wa kupanda merikebu mnaijua, imo katika Sura Hud. Tuisome, na mikanda tufunge.

Binti yangu atatimiza miaka mitano mwezi wa nane, inshaallah. Wiki iliyopita nilimvalisha lile boya la chungwa, nikamnyanyua mabegani kama kawaida, likamkaba makwapani na vifungo vya mbele havikukutana. Nimempima kwenye mzani wa zahanati, kilo 17. Boya lake lilikuwa la chini ya kilo 15. Hilo litakwenda kwa mtoto wa wifi yangu Mikindani, anayeanza safari mwaka huu, na mimi nimeshaagiza jingine. Yeye mwenyewe ametaka liwe la pinki.